Miswada ya Kiebrania ya Parma si Torati tu

Ukitaja miswada ya Kiebrania, wengi hupata picha ya gombo la Torati ndani ya kabati la sinagogi. Hebu ingia maktaba ya Biblioteca Palatina mjini Parma, Italia, kwenye miswada ya Kiebrania ipatayo 1,600. Mingi ni vitabu vya kufunua kurasa: falsafa, utabibu, sarufi, mashairi, sala. Imo hata nakala ya Mishna (mkusanyiko wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi) ya karne ya 11, mojawapo ya zile kongwe zilizosalia.

Na aliyekusanya sehemu kubwa ya miswada hiyo hakuwa rabi. Alikuwa padri Mkatoliki, Giovanni Bernardo De Rossi, mwalimu wa lugha za Mashariki hapo Parma, aliyetaka kulinganisha tofauti za maneno katika nakala za Biblia. Mwaka 1816 Marie Louise, mtawala wa Parma, akanunua mkusanyiko wake wote.

Mimi hunivutia zaidi kazi ya wakaguzi wa Kanisa. Katika karne ya 16 walipita wakifuta kwa wino maneno waliyoyaona yanakashifu Ukristo, kisha wakatia sahihi mwishoni mwa kitabu. Kwenye baadhi ya miswada ya Italia wino wao umepauka, wa mwandishi bado mweusi, na neno lililofutwa linasomeka.