Jozi Kubwa Mkononi: Dhana Potofu na Ukweli Wake katika Mashindano ya Poka

Katika poka ya Texas Hold'em isiyo na ukomo wa dau, kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani kwa hatua: tatu kwanza, halafu ya nne, halafu ya tano. Anayechungulia karata zake na kukuta ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili au maghulamu wawili amepata jozi kubwa, ambayo kabla ya meza kufunuliwa huwa mbele ya karibu kila kitu anachoweza kushika mpinzani. Karata 52 hutoa michanganyiko 1,326 ya karata mbili, na ree mbili zimo katika michanganyiko 6 tu, sawa na mara moja katika kila mara 221. Uhaba huo ndio unaozaa dhana nyingi, kwa kuwa mtu aliyezisubiri jioni nzima huanza kuziona kama deni analodai, ilhali karata hazidaiwi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ree mbili hazishindwi, na kwamba zikishindwa, basi ama mpinzani amecheza ovyo ama programu ya mchezo imechakachuliwa. Ukweli ni kwamba dhidi ya karata zozote mbili za mpinzani mmoja, ree mbili hushinda takriban mara 85 katika kila 100, na dhidi ya jozi iliyo chini yake hushinda kati ya mara 80 na 82. Mara zinazobaki si hitilafu wala hujuma. Mchezaji anayeweka chipu zake zote (vipande anavyowekea dau) mara tano katika shindano moja, kila mara akiwa na nafasi ya asilimia 80, ana uwezekano wa takriban theluthi moja tu wa kushinda zote tano. Maana yake ni kwamba hata anayecheza vizuri siku nzima anatarajiwa, mara nyingi zaidi kuliko sivyo, kupata pigo mahali fulani. Wachezaji wa intaneti hulalamika zaidi kwa sababu huko karata hugawiwa upesi, ree mbili huja mara nyingi zaidi kwa saa, na vipigo vyake huongezeka kwa kiwango hichohicho.

Mfano unaokumbukwa sana ni wa Julai 2010 mjini Las Vegas, katika shindano kuu la World Series of Poker, ambalo mwaka huo liliingiwa na watu 7,319. Walipobaki wachezaji 15, Matt Affleck wa Marekani alikuwa na ree mbili, na Jonathan Duhamel wa Kanada alikuwa na maghulamu wawili. Mezani zilikuwa zimefunuliwa kumi, tisa na saba, kisha karata ya nne ikawa malkia. Affleck akasukuma chipu zake zote. Duhamel akafikiri kwa muda mrefu, hatimaye akafuata, yaani akaweka chipu za kulingana na dau hilo. Ukiondoa karata nane zilizokwisha kujulikana, zilibaki 44, na ni 10 tu kati ya hizo zilizoweza kumwokoa Duhamel: nane zote nne na wafalme wote wanne, ambao wangemkamilishia mfuatano (karata tano zinazofuatana, ambazo huishinda jozi), pamoja na maghulamu wawili waliosalia. Affleck alikuwa na nafasi ya asilimia 77. Karata ya tano ikawa nane. Fungu, yaani chipu zote zilizowekwa na wote wawili na wengine katika mgao huo, lenye chipu zaidi ya milioni 40 likahamia kwa Duhamel, Affleck akatoka akiwa wa 15, na mwezi Novemba Duhamel akatwaa ubingwa na dola 8,944,310. Watu wengi huitumia hadithi hii kuthibitisha kwamba ree mbili zina mkosi. Mimi naisoma kinyume: sioni Affleck angefanya nini bora zaidi ya kumfanya mtu mwenye nafasi ya asilimia 23 aweke chipu nyingi kiasi kile.

Hata ree dhidi ya ree hazina dhamana. Mwaka 2014, katika shindano la Big One for One Drop lenye kiingilio cha dola milioni 1, Connor Drinan na Cary Katz walishika ree mbili kila mmoja, hali ambayo takriban mara 96 katika 100 huishia kwa kugawana fungu. Mezani zikafunuliwa karata nne za kopa, ree ya kopa ikawa mkononi mwa Katz na kumkamilishia kopa tano, ambazo huishinda jozi, na Drinan akaaga.

Dhana nyingine inahusu idadi ya wapinzani. Husemwa kwamba ree mbili zikifuatwa na watu wanne hupoteza thamani, kwani nafasi ya kushinda hushuka kutoka asilimia 85 hadi takriban 56. Takwimu hizo ni sahihi, ila hitimisho si sahihi. Chukulia kila mmoja ameweka chipu 100 na kila aliyefuata ana karata zozote tu. Dhidi ya mmoja, fungu ni 200 na sehemu yako ya wastani ni 170, yaani faida ya 70. Dhidi ya wanne, fungu ni 500 na wastani wako ni 280, yaani faida ya 180. Kwa hiyo kwa chipu tupu, umati unakulipa zaidi. Hoja ya kupunguza wapinzani ina nguvu kwa sababu nyingine: katika mashindano, tofauti na mchezo wa fedha taslimu, aliyeishiwa chipu hatoi noti mfukoni na kuendelea, na kushindwa mara 44 katika 100 ni hatari kubwa mno kwa mtu anayekaribia zawadi. Isitoshe, mbele ya watu wanne ni vigumu kutambua ni nani kati yao aliyekupita baada ya karata tatu za kwanza.

Hapo ndipo ujanja wa kujifanya mnyonge unapoingia. Wengi huamini kwamba jozi kubwa ifichwe: mtu alipe dau la chini tu, awaache wengine waingie kwa bei ya chee, kisha awanase baadaye. Njia hiyo inaweza kufaa pale ambapo waliobaki nyuma yako wana tabia ya kupandisha dau kwa kila kitu. Kwa kawaida, hata hivyo, inampa mwenye saba na nane fursa ya kuziona karata tatu za kwanza karibu bure, na mezani pakija tano, sita na tisa, wewe huna namna ya kujua. Madau ya lazima katika mashindano hupanda kila baada ya muda, chipu za wengi hubaki zikitosha kwa madau machache tu, na mtu mwenye chipu haba hufuata dau lililopandishwa akiwa na karata za wastani. Anayepandisha dau waziwazi hulipwa mara nyingi kuliko mafundi wa mitego wanavyodhani.

Kuhusu wafalme wawili, kuna hofu mbili zisizo na uzito sawa. Ya kwanza ni kwamba kila mtu anaposhika wafalme, ree mbili zipo mahali fulani mezani. Kwenye meza ya watu tisa, uwezekano kwamba mmoja wa wale wanane ana ree mbili ni takriban asilimia 4. Hutokea, na ikitokea huonwa na wengi: mwaka 2016, katika shindano kuu hilohilo la Las Vegas, William Kassouf wa Uingereza alitolewa akiwa wa 17 baada ya wafalme wake kugonga ree za Griffin Benger. Lakini anayetupa wafalme kabla ya meza kufunuliwa kwa kuikwepa asilimia hiyo 4 huachia faida ya zile mara 96 nyingine katika 100. Hofu ya pili, ya kuona ree mezani, ina msingi zaidi, kwa kuwa ree hutokea katika karata tatu za kwanza takriban mara 23 katika 100. Mpinzani mmoja aliyeshika karata zozote atakuwa na ree mkononi mara 12 hadi 13 tu katika 100. Ila aliyekufuata baada ya kupandisha dau hakushika karata zozote tu, amezichagua, na watu hupenda kubaki na ree. Kwa hiyo dau moja la wastani linastahili. Dau la tatu mfululizo kwa kawaida halistahili.

Maghulamu wana sifa mbaya isiyo ya haki. Karata iliyo juu yao hutokea katika tatu za kwanza takriban mara 57 katika 100, na wengi huchukua idadi hiyo kama sababu ya kusukuma chipu zote mapema ili wasiione meza kabisa. Tiba hiyo ni ghali: karata dhaifu hutupwa, na wanaobaki kufuata ni wale hasa walioshika malkia, wafalme na ree.

Nimeiacha hadi mwisho, kwa makusudi, dhana ninayoiona kuwa na gharama kubwa kuliko zote, kwamba chipu za mashindano ni sawa na fedha, na hivyo uamuzi wowote wenye nafasi zaidi ya asilimia 50 ni sahihi. Wachukue wachezaji wanne wenye chipu sawa, na zawadi tatu za dola 50, 30 na 20. Kila mmoja ana thamani ya dola 25. Mmoja akimtoa mwenzake na kuongeza chipu zake mara mbili, kwa hesabu inayotumika kukadiria nafasi ya kila mtu kulingana na chipu alizonazo, thamani yake huwa takriban dola 38.33, wala si 50, kwa sababu bingwa mwenyewe hapewi zaidi ya zile 50 na waliobaki wawili wamekwisha kujihakikishia zawadi bila kuinua kidole. Akishindwa, hupata sifuri. Gawanya 25 kwa 38.33, utaona kwamba anahitaji nafasi ya asilimia 65 ili kufuata kusiwe hasara. Ree mbili zinapita kizingiti hicho bila shaka. Wafalme wawili dhidi ya ree na mfalme wa aina tofauti, wenye takriban asilimia 70, wanapita. Malkia wawili dhidi ya karata hizohizo, wenye takriban asilimia 57, hawapiti, ingawa wako mbele.

Hali hiyo hufika ukingoni katika mashindano ya kufuzu, ambayo zawadi yake ni tiketi ya shindano kubwa zaidi. Ndiyo njia aliyoipita Chris Moneymaker, aliyefuzu kupitia intaneti na mwaka 2003 akawashinda washiriki wenzake 838 wa shindano kuu na kuchukua dola milioni 2.5. Tuseme tiketi ni 10 na waliobaki ni 11, una chipu za kutosha, na mmoja pembeni amebakiwa na chipu pungufu ya dau la lazima linalomfikia zamu ijayo. Mwenye chipu nyingi kuliko wote anasukuma zote mbele yako, nawe unafunua ree mbili. Ukifuata, unahatarisha tiketi kwa asilimia 15 au zaidi, na ukishinda hupati tiketi ya pili. Ukizitupa, karibu hakika utafuzu. Uamuzi sahihi ni kuzitupa, na kuzitupa bila kumwonyesha yeyote.