Kabla Hujanunua Jiko la Kupasha Joto, Panda Darini

Baridi ikikaribia, simu zangu karibu zote huanza na swali moja: "Fundi, ninunue jiko gani?" Nikifika, kitu cha kwanza ninachoomba ni ngazi. Nyumba nyingi kongwe za mashambani hazina kitu juu ya dari ila vumbi, na hewa ya moto, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda na kupotelea huko. Tandika pamba ya madini (nyuzi za mawe au kioo za kuzuia joto lisitoke) yenye unene wa sentimita 25 hadi 30, kisha siku ya upepo pitisha mshumaa taratibu kando ya fremu za madirisha na milango. Mwali ukiyumba, ziba hapo. Ukimaliza, huenda mtambo mdogo kuliko uliokusudia ukakutosha. Kuta za mawe au udongo usikimbilie kuzipiga plasta. Zinahitaji kutoa unyevu, na plasta ya saruji huufungia ndani.

Sasa hesabu. Bei ya mtambo hulipwa mara moja, ya nishati kila mwaka, kwa hiyo linganisha gharama ya joto linalobaki chumbani. Hita ya kawaida ya umeme hukupa uniti moja (kilowati-saa) ya joto kwa kila uniti unayolipia. Pampu ya joto, ambayo nayo hutumia umeme, inaweza kukupa kama tatu, kwa sababu huvuta joto lililoko nje badala ya kulizalisha, ingawa nje kukiwa na baridi kali faida hiyo hupungua. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina takriban uniti 12.8, kuni kavu, kama 4. Kuni mbichi hutoa karibu nusu tu ya hapo, maana karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto hutumia nguvu kuyachemsha kwanza.

Kwa anayepata kuni kwa urahisi, mimi hupendekeza jiko la chuma lenye mlango. Moto wa wazi hupeleka sehemu kubwa ya joto dohani. Jiko zuri lililofungwa hukuachia asilimia 70 au zaidi. Pasua kuni mapema, zipange chini ya paa, ubavuni pawe wazi upepo upite, uziache mwaka mmoja au miwili hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Na tafadhali usinunue jiko kubwa kupita chumba. Utalazimika kulibana hewa kila siku, moto utafuka, na masizi yenye lami yataganda dohani. Hayo ndiyo huwaka usiku watu wakiwa wamelala. Dohani ya zamani nayo ikaguliwe; ikiwa na nyufa, ipitishiwe bomba la chuma cha pua ndani.

Pampu ya joto naipenda pia, ila nyaya kuukuu zipimwe kwanza na fundi umeme. Ukitaka iendeshe rejeta za zamani (vyuma vya ukutani vinavyopasha chumba kwa maji ya moto), fahamu kwamba nyingi zilipangiwa maji ya nyuzi 60 hadi 70, na pampu nyingi hufanya kazi vizuri kwa maji ya nyuzi 35 hadi 45. Umeme ukikatika, nayo huzimika, ndiyo maana sipendi iwe peke yake kijijini.

Palipo na moto wowote, weka king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Mimi hukifunga kabla ya kuwasha moto wa kwanza, na sikabidhi kazi bila hicho.