Aina za misitu Tanzania: kwa nini Songea si kama Pugu

Ukitaja msitu, wengi huona miti mirefu iliyofungana, giza na unyevu. Kwa Tanzania picha hiyo ni ya eneo dogo tu. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, iliyochapishwa mwaka 2015, ilipata hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara, zaidi kidogo ya nusu ya nchi kavu. Zaidi ya asilimia 90 ya hizo ni misitu ya wazi, ile ambayo jua hufika chini na nyasi hukua katikati ya miti. Sehemu yake kubwa ni miombo, misitu ya miti inayopukutisha majani kiangazi.

Kinachoamua aina ya msitu si wingi wa mvua peke yake. Songea na Dar es Salaam zote hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ila Songea mvua hunyesha msimu mmoja, kisha ardhi inakaa takribani nusu mwaka bila maji. Dar es Salaam ina vuli na masika, na bahari iko jirani. Ndiyo maana Songea ni nchi ya miombo, na huko Pugu, pembeni mwa Dar es Salaam, bado kuna mabaki ya msitu wa pwani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza milimita, hesabu miezi ya ukavu. Halafu uliza udongo na mwinuko.

Miombo imeenea Tabora, Katavi, Ruvuma hadi Lindi, na humo ndimo hupatikana mninga. Pita huko mwezi Septemba, wakati ardhi bado nyeusi kwa moto wa kiangazi: utakuta miti imeanza kutoa majani mapya mekundu, na mvua haijadondoka hata tone. Mti unatumia maji uliyoyahifadhi na yale ambayo mizizi inayafuata chini kabisa. Mizizi hiyo huishi pamoja na kuvu wanaoisaidia kupata virutubisho katika udongo maskini, na kuvu haohao ndio hutoa uyoga unaouzwa kando ya barabara mvua zikianza. Asali ya Tabora nayo inatoka humu. Kwa maoni yangu hii ndiyo misitu inayodharauliwa kuliko yote: huitwa pori tupu, kisha inafyekwa kwa ajili ya mashamba ya tumbaku, kuni za kukaushia tumbaku hiyo, na mkaa.

Milima ya Tao la Mashariki, yaani Pare, Usambara, Uluguru, Udzungwa na mingineyo, ni habari nyingine. Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga mlima hupanda, hupoa na kushusha mvua. Siku isiyo na mvua, ukungu hulowesha majani. Miti haipukutiki yote kwa pamoja. Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, unapata maji yake mengi Uluguru. Kilimanjaro ni mlima mchanga zaidi, wa volkano, lakini katika bonde moja huko ulipimwa mti wa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyokwisha kupimwa Afrika.

Kwa mikoko, miti ya aina kadhaa inayoota ukingoni mwa bahari, kinachotawala ni chumvi na maji kujaa na kupwa. Mlilana husimama mbele ukitazama bahari, nyuma yake mkoko wenye mizizi ya miguu mirefu, kisha mkandaa. Mchu huchomoza mizizi ya kupumulia juu ya tope. Delta ya Rufiji ndiyo yenye mikoko mingi zaidi nchini, na boriti za pwani hii zilijenga nyumba za Zanzibar, Lamu na hata Ghuba.

Itigi, mkoani Singida, kuna vichaka vya mita chache tu kwenda juu, vilivyosukana hadi mtu hapenyi bila panga.

Sao Hill, shamba la miti huko Mufindi, ni suala tofauti kabisa. Misonobari yake asili yake ni Mexico, imepandwa kwa mistari na ina mwaka wake wa kuvunwa. Tabianchi ya Mufindi inaifaa, lakini aliyeichagua ni mtu.