Kisigino kinauma na mazoezi sitaki kuacha, nifanyeje?

Swali: Nikishuka kitandani asubuhi kisigino kinachoma kama nimekanyaga msumari, nikitembea kidogo kinaachia. Nini hiyo?

Mara nyingi ni ule utando mgumu wa chini ya unyayo, unaotoka mfupa wa kisigino kwenda mpaka vidoleni, hospitali wanaita planta fasiaitisi. Dalili yake ndo hiyo hiyo, hatua za kwanza zinauma, inaachia, alafu ukikaa muda mrefu ukanyanyuka inarudi. Inawapata sana wanaosimama kutwa nzima, walioongezeka uzito, na hasa walioongeza mazoezi ghafla. Yaani mtu kakaa miezi hajakimbia, kajiunga na jogging klabu, jumamosi ya kwanza tu kapiga kilometa 10 za lami, hapo unategemea nini?

Swali: Kwa hiyo niache kukimbia?

Sio lazima. Yapime maumivu kwa 0 mpaka 10, yasipozidi 3 ukiwa unakimbia, na kesho yake asubuhi hatua za kwanza haziumi kuliko jana, endelea. Ukiamka unachechemea kuliko jana basi ulizidisha, punguza umbali. Watu wengi wanadanganyika hapa, maana mwili ukishapata moto maumivu yanapotea, anajiona kapona anaongeza mzunguko mwingine, cha moto anakiona kesho yake akienda chooni. Kuruka kamba na kupandisha milima weka pembeni kwanza, pumzi ilinde kwa baiskeli au kuogelea, vyuma vya kukaa piga tu.

Swali: Kuna zoezi la kutibu?

Lipo, na mimi naliamini kuliko dawa za kuchua. Viringisha taulo uliweke kwenye ukingo wa ngazi, vidole vikae juu ya taulo vikiwa vimepinda kwenda juu, kisigino kining'inie nje, shika ukuta. Nyanyua kisigino taratibu sekunde 3, tulia juu sekunde 2, kishushe sekunde 3. Mara 12, seti 3, siku moja unafanya siku moja unapumzika. Mguu mmoja ukishindwa anza na yote miwili, ukizoea vaa begi lenye vitabu mgongoni. Na kila asubuhi kabla hujashuka kitandani, shika vidole uvivute kuja kwako sekunde 10, rudia mara 10, ndo ukanyage chini. Chupa ya maji iliyogandishwa ukiiviringisha chini ya unyayo inatuliza ila haitibu. Usitegemee wiki mbili, hii kitu inaenda kwa miezi, wengi inawaisha ndani ya mwaka.

Swali: Raba za mtumba ndo zimeniletea?

Mtumba sio kesi, kesi ni soli iliyokufa. Bonyeza soli pembeni kwa kidole gumba, ikiwa kavu haibonyei, au ukiiweka mezani inalalia upande, muachie muuzaji. Na nyumbani kama una marumaru usitembee peku wala na ndala zilizoisha.

Swali: Eksirei imeonyesha mfupa umeota kisiginoni, nitapasuliwa?

Tulia. Mfupa huo wanao hata watu wasioumwa chochote, upasuaji ni kwa wachache sana. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, inatuliza kwa wiki kadhaa lakini inaweza kuudhoofisha utando mpaka ukachanika, kwa hiyo usikimbilie kuiomba. Diklofenaki nayo, ile dawa ya maumivu, usiifanye kama karanga, inachoma tumbo, na mwenye presha au figo ndo kabisa aulize kwanza.

Swali: Lini niende hospitali?

Maumivu yakiwa sehemu moja ya mfupa, ukiibonyeza unaruka, na usiku umelala bado inauma, unaweza kuwa na ufa kwenye mfupa, hapo kukimbia simamisha kabisa. Nenda pia kama mguu umevimba mwekundu una joto, au unapata ganzi. Mwenye kisukari yeye asisubiri hata maumivu, aangalie nyayo kila jioni, akiona lengelenge au kidonda awahi kituo cha afya siku hiyo hiyo, na habari za kuloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi aachane nazo, mguu wenye ganzi unaungua na wala hasikii.