Maana ya "huria" katika Chuo Kikuu Huria

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye kikao cha harusi, na baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, alikuwa akigawa majukumu. Alipofika kwa shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 43, akasema: "Huyu anasoma, lakini anasoma huria tu, hii ya mtandaoni, kwa hiyo muda anao. Mwekeni kamati ya chakula." Watu wakaafiki. Mama mmoja jirani akauliza, kwa nia njema kabisa: "Huria si ndiyo ile ya bure?" Neno moja likabebeshwa maana tatu kwa pumzi moja, na hata moja si yake.

Nafundisha Kiswahili, na shahada yangu ya kwanza niliipata kwa njia hiyo hiyo ya huria. Nimelisikia neno hili likipindishwa kwenye daladala, kwenye ofisi za walimu, na mara nyingine na wanaolisomea wenyewe.

Maana yake si ngumu. Elimu huria ni elimu iliyoondoa au kupunguza vizuizi vya kuingia na kusoma: umri, mahali unapoishi, ratiba ya kazi, na kwa kiasi fulani aina ya vyeti ulivyokuja navyo. Elimu masafa ni ile ambayo mwalimu na mwanafunzi wametengana kwa umbali. Elimu mtandao ni ile inayopitia kwenye intaneti. La kwanza linahusu nani anaruhusiwa kuingia na aende kwa mwendo gani, la pili linahusu walipo, la tatu linahusu chombo. Chuo kinaweza kuwa na yote matatu, au moja tu. Kipo chuo cha mtandaoni chenye masharti makali ya kuingia, ratiba isiyosogea hata kwa siku moja na ada ya kutisha. Hicho kina mtandao, huria hakina.

Sasa tulitazame neno lenyewe, maana ndipo mkanganyiko unapoanzia.

"Huria" limetoka katika Kiarabu, hurriya, yaani uhuru, nalo linatokana na hurr, mtu asiyemilikiwa na mtu mwingine. Mzizi huo ndio uliotupa "huru" na "uhuru". Pwani yetu ililijua neno hili kwa uchungu wake kabla halijafika kwenye bendera na mbio za mwenge. Mtumwa aliyeachiliwa alisemwa kuwa ameachwa huru. Zanzibar ilipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, uhuru huo haukumfuata mtu nyumbani. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuudai mbele ya mahakama. Kuwa huru kulimaanisha jambo la kushikika: saa zako ni zako. Alfajiri ni yako, jioni ni yako, na hakuna wa kukuamulia uzitumieje. Kila ninapoona "huria" kwenye jina la chuo, ndiyo maana ninayoisikia kwanza.

Bunge la Tanzania lilikianzisha Chuo Kikuu Huria kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992. Mfano ulikuwepo: Waingereza walikuwa wameanzisha chuo cha namna hiyo mwaka 1969, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, bila kuwadai wengi wao cheti chochote cha kuingilia. Kwa Kiingereza chuo cha aina hii huitwa chuo kilicho "wazi". Kiswahili kingeweza kufuata hivyo hivyo tukapata Chuo Kikuu Wazi, na kingesikika kama jengo lililosahauliwa kufungwa. Likachukuliwa "huria", na mimi naona lilichukuliwa vizuri. Wazi ni sifa ya mlango, ilhali huria ni sifa ya hali ya anayeingia.

Bahati mbaya ni wakati. Mwaka 1992 "huria" lilikuwa neno la kila siku, lakini kwa kazi nyingine. Nchi ilikuwa imetoka kwenye foleni za duka la kaya, ikaingia kwenye enzi ya Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na kila mtu alikuwa akizungumzia soko huria. Mwaka huo huo vyama vingi vikarudi. Kwa watu wengi soko huria lilikuja na mitumba, bei zisizokuwa na mwenyewe, na vibanda kila kona. Wakaliona kama soko holela, na wakahamisha maana ile kwenye neno. Tangu hapo "huria" likabaki na harufu ya jambo lisilo na msimamizi: kila mtu afanye atakavyo, atoke na chake. Chuo kilichozaliwa mwaka huo kikarithi harufu hiyo bila kosa lake.

Kuna na neno jingine linalotuchanganya, nalo ni "rahisi". Kwa Kiarabu maana yake ya kawaida ni ya bei: kisicho ghali. Sisi tumelipanua. Nyanya rahisi ni za bei ya chini, mtihani rahisi ni usio mgumu, na neno ni lile lile. Basi mtu akisikia kwamba masomo fulani ni rahisi, akimaanisha ada, sikio la pili linapokea kwamba masomo yenyewe ni mepesi. Ndiyo maana nikizungumzia ada napendelea kusema "nafuu". Nafuu tunalitumia kwa mgonjwa pia: amepata nafuu, homa imepungua, mzigo umepungua. Ada nafuu ni mzigo uliopunguzwa, na anayeubeba bado anaubeba. Shemeji analipa kwa awamu kutoka kwenye mshahara wa mwalimu, na muhula mmoja aliuza cherehani yake. Hapo hakuna la bure.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye usaili, ofisi ambayo sitaitaja. Mmoja wa wasaili alichukua nakala ya cheti changu, akaisoma hadi jina la chuo, akaiweka chini. "Ah, huria," akasema, akageukia karatasi nyingine. Nilikuwa nimejiandaa kueleza tasnifu yangu kwa dakika kumi. Hakuna aliyeniuliza nilisoma nini. Niliumia, na nilipofika nyumbani nilikaa nikafanya hesabu ambayo tangu siku ile nimewafanyia watu wengi.

Hesabu ni hii. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, shahada ya kwanza inataka krediti zisizopungua 360, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, ukichanganya kusikiliza, kusoma, kufanya kazi ulizopewa na mitihani. Jumla ni saa 3,600. Sheria hiyo haina kifungu cha wanaokaa bweni na kingine cha wanaosomea mezani kwao baada ya kuosha vyombo. Anayesoma kutwa chuoni anazigawa saa hizo kwa miaka mitatu, 1,200 kila mwaka. Mwenye kazi na watoto, akipata saa mbili kila siku bila kukosa hata Krismasi au Idi, anahitaji siku 1,800. Karibu miaka mitano. Kinacholegezwa na elimu huria ni namna ya kuzipanga saa hizo. Idadi yake haipungui hata moja.

Shemeji hakuijua hesabu yangu, lakini alikuwa na yake. Ana kaunta buku la kwaya tatu ambalo ndani ya jalada amechora vijistari, vinne vimesimama na cha tano kimevikata, kama wanavyohesabu magunia sokoni. Kila kistari ni saa moja aliyosoma. Anaamka saa kumi alfajiri, wakati bando la usiku bado linafanya kazi, anaweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa ili mwanga usimwamshe mtoto wa mwisho anayelala naye, na anasoma hadi adhana. Kurasa za mbele zimejaa vistari, zimevuka jalada na kuingia kwenye ukurasa wa ratiba. Kuna wiki hazina kitu. "Hapa mtoto alilazwa," aliniambia akionyesha nafasi tupu. Chuo hakikumfukuza kwa wiki zile, na hakikumhesabia pia. Ukitaka kuiona huria kwa macho, ni nafasi zile tupu pamoja na kistari kilichofuata baada yake.

Turudi kwa "masafa", maana nalo linaonewa kwa kufanywa jina jingine la intaneti. Masafa ni umbali, neno la Kiarabu vilevile, na Kiswahili kililipeleka hadi redioni: masafa ya kati, masafa mafupi. Ukweli ni kwamba elimu ya masafa nchini mwetu ilipita redioni na kwenye posta miaka mingi kabla ya mtu yeyote kununua bando. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wamekaa kwa vikundi kuzunguka redio moja, kijitabu mkononi, wakisikiliza habari za malaria na vyoo kisha wakienda kuvichimba. Afrika Kusini, Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria ya chuo kikuu cha Unisa mwaka 1989, akiwa bado kifungoni. Kama kuna mtu aliyesoma kwa masafa ni yeye, na hakuwa na mtandao wowote. Chuo Kikuu Huria chetu chenyewe kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, masomo yalikuwa vitabu vilivyochapwa. Mtandao ulikuja baadaye, ukakikuta chuo kikiendelea na kazi.

Wakenya nawaelewa zaidi wakichanganya. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, makao yake Konza, na kimeanza moja kwa moja kikiwa cha mtandaoni. Kule huria na mtandao vimezaliwa siku moja. Kwetu ni ndugu wenye tofauti kubwa ya umri.

Jambo moja kuhusu mlango, maana nisije nikaeleweka kwamba unaingia tu kama sokoni. Kwa Tanzania huria ina kizingiti. Unaingia kwa matokeo ya kidato cha sita, au kwa stashahada kama shemeji yangu, na ambaye hana vyote lakini amefanya kazi na kujifunza kazini kuna utaratibu, chini ya TCU, wa kumpima kwa mtihani kile anachokijua tayari. Hapo ndipo neno linapotimiza ahadi yake: mtu wa miaka 50 haulizwi kwa nini hakuja akiwa na 20. Na kabla ya kulipa shilingi kwa chuo chochote cha mtandaoni kinachojitangaza kwenye simu, hasa cha nje, uliza TCU kama wanakitambua. Kwa Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Tangazo likisema huria, halijasema lolote kuhusu ithibati.

Na tafadhali, wanafunzi hawa wasiitwe ngumbaru. Ngumbaru ni darasa la kisomo, la kujifunza kusoma na kuandika, na nina heshima kubwa kwa mabibi waliokaa kwenye madarasa yale. Lakini mtu anayeandika tasnifu yuko darasa jingine, hata kama ana mvi.

Kikao kile kilipokwisha nilibaki kukunja viti na baba mdogo. Nikamwambia: "Baba mdogo, yule analipa ada, tena kwa awamu. Mtihani hafanyii sebuleni, anakwenda kituo cha mkoa, anaweka kitambulisho mezani na msimamizi yupo. Na muda ndio kitu ambacho hana." Akasimama na kiti mkononi. Akauliza, sasa huria ni ya nini hapo? Nikamwambia kilicho huria ni kwamba hawakumkataa kwa umri wake wala kwa kazi yake, na saa za kusoma anajipangia mwenyewe. Akauliza mtihani ni lini. Nikamtajia, ni Jumamosi ileile ya kuandaa chakula.

Akatoa karatasi ya majukumu mfukoni, akalikata jina la shemeji kwenye kamati ya chakula na kuliandika chini, mapokezi, jioni. Kisha akasema, "Kwa hiyo nikimtambulisha kwa wageni niseme anasoma Chuo Kikuu Huria tu?"

Nikamwambia aseme hivyo hivyo, ila ile "tu" ya mwisho aiache.