Ekstensheni 40 hazidai laini 40

"Fundi, sisi tuko 40 na umetuwekea laini nane. Hao 32 watapigaje?" Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii muulizaji alikuwa na kalamu mkononi, tayari kunikata hela. Haya, naandika mara moja, atakayeuliza tena atatumiwa hii.

Ekstensheni ni jina la simu ndani ya PABX, ile mashine ya ofisi inayounganisha simu. Laini ya nje ni mlango. Wa 214 akimpigia wa 230, hakuna laini ya nje inayoguswa. Laini hushikwa mtu anapopiga nje au anapopigiwa kutoka nje. Akikata, anaichukua mwingine. Hata ukimpa kila mfanyakazi namba yake ya kupigiwa moja kwa moja, wote bado wanagombea milango ileile.

Hesabu yenyewe ilishapigwa na mwanahisabati A. K. Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen, mwaka 1917. Watu 40, kila mmoja dakika 6 nje katika saa yenye pilikapilika kuliko zote, ni dakika 240, yaani erlang 4, sawa na laini 4 kushikwa saa nzima. Kwa laini 8, simu kama 3 katika 100 zitakuta zimejaa. Kwa laini 10, haifiki hata moja. Ila fomula inadhani aliyekosa laini anakwenda zake. Nani huyo? Watu wanabonyeza tena papo hapo. Halafu zile dakika 6 zenyewe huwa nimekisia. Kwa hiyo nikimaliza kupiga hesabu naongeza laini mbili kwa macho tu, na sina cha kujitetea.

Sasa kinachonikera hasa: ekstensheni na laini ya nje hukutana kwenye tarakimu ya kwanza, na hapo ndipo kila bosi anataka namba "nzuri". Ukishasema 9 ni ya kutokea nje, hakuna ekstensheni ya kuanza na 9. Hakuna, hata ya mkurugenzi. Mtu akibonyeza 9 ya 901, mashine imeshampa laini ya nje, na 01 zinaishia huko.

Usichanganye pia urefu. Nimekuta ofisi yenye 20 ya mapokezi na 201 hadi 209 za stoo. Ukipiga 20, mashine haijui kama umemaliza, inakungoja. Sekunde nne, tano, kimya. Dada mmoja alikuwa anagonga mkonga mezani akidhani simu imekufa. Alishabadilishiwa simu mara mbili. Ugonjwa ulikuwa kwenye mpango wa namba.

Namba za dharura ndizo za kuachia nafasi kabla ya nyingine zote, na zipigike bila 9 mbele. Aliyechanganyikiwa kwa moto hakumbuki 9 yako. Marekani walilitungia sheria mwaka 2018: 911 ipigwe moja kwa moja hata kwenye simu za ofisi. Namba za dharura kama 112 huanza na 1, ndiyo maana mimi huanzia 200 na kuendelea, 1 siigusi.

Aliyenitangulia kwenye ofisi moja aliigusa. 112 ilikuwa ya mhasibu. Nilipomwomba aiachie, alivuta droo akanionyesha boksi zima la kadi zake, zimechapwa juzi.