Timu yenye afya: maana yake na namna ya kuipima

Tukisema timu ina nguvu, mara nyingi tunatazama kilichotoka: lita zilizopokelewa, magunia yaliyopakiwa, hesabu zilizofungwa kwa wakati. Afya ya timu ni jambo jingine. Timu yenye afya ni ile ambayo habari mbaya humfikia haraka mtu anayeweza kuishughulikia, na aliyeileta haumii kwa kuileta. Maana hii inapimika kwa saa ya ukutani. Mtu wa kwanza aliona tatizo saa ngapi? Msimamizi alilijua saa ngapi? Muda uliopotea katikati ndio ugonjwa wa timu.

Nguvu bila afya ipo, na inadanganya wengi. Kituo cha kukusanyia maziwa kinaweza kupokea lita nyingi msimu mzima kwa sababu tu kina kijana mmoja anayelala karibu na jenereta na kuamka kuliwasha kila umeme ukikatika. Hesabu zinapendeza, bodi inapiga makofi. Siku anapigiwa simu ana msiba Kyela, ndipo watu wanagundua hakuna mwingine anayejua dizeli inafunguliwa upande gani. Afya bila nguvu nayo ipo: watu wanapendana, chai ya saa nne haikosi, ila kazi haiishi. Hiyo haihitaji maelezo mengi, wateja huiona wenyewe.

Neno timu lenyewe tunalitumia ovyo kidogo. Wafugaji 200 wanaoleta maziwa kituoni asubuhi si timu, ni wanachama. Timu ni wale sita wa kituoni: mpokeaji, mpimaji, karani, fundi wa mitambo, msafishaji na msimamizi. Kinachowafanya timu ni kwamba kazi ya mmoja haiwezi kukamilika vizuri bila ya mwenzake, wana lengo moja linaloweza kutajwa kwa sentensi moja, na kila mmoja anajua nani yumo na nani hayumo. Kamati nyingi za vijijini zinakwama kwenye hilo la mwisho. Mwenyekiti aliyepita bado anahudhuria, mtendaji anapita kusikiliza, na hakuna anayejua sauti ya nani inahesabika.

Mabonge ndani ya glasi

Tuchukue kituo cha maziwa cha mfano, wilayani Rungwe, asubuhi ya Juni. Ukungu umeshuka hadi barabarani, wafugaji wamejipanga na keni zao. Mpimaji ni kijana wa miaka 23. Kazi yake ni kunusa, kutazama, kuzamisha laktometa, kile kifaa kinachosaidia kugundua maziwa yaliyotiwa maji, kisha kufanya kipimo cha alkoholi: mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi ya asilimia 70 au karibu na hapo, anatikisa, anainamisha kijaribio, kile kichupa cha glasi cha kupimia, na kutazama ukuta wa glasi. Ukibaki laini, maziwa yanapita. Yakitokea mabonge madogo, yanakataliwa: huenda yameanza kuchacha, ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au ni dang'a la ng'ombe aliyezaa juzi.

Leo mabonge yametokea kwenye keni ya lita 20 ya mjumbe wa bodi. Mzee wa heshima, aliyemwombea kijana huyu hiyo kazi. Kijana ameshamwamkia shikamoo, ameitikiwa marahaba mwanangu. Foleni ni ndefu. Ana sekunde chache za kuamua, na katika sekunde hizo hafikirii maziwa hata kidogo. Anafikiria mambo matatu. Mzee ataniona sina adabu? Msimamizi atanitetea au atasema nimekosea kipimo? Mara ya mwisho mtu alipokataa maziwa ya mkubwa, ilikuwaje?

Akijibu moyoni kwamba atabaki peke yake, anamimina. Tangi la lita 1,000 lilipaswa kuwa nyuzi 4 za Sentigredi, ila usiku umeme ulikatika na bado lipo nyuzi 11. Fundi ameliona hilo alfajiri, naye amenyamaza, kwa sababu wiki iliyopita alifokewa kuhusu dizeli. Hapa sasa ndipo maafa yanapotengenezwa: ukimya wa wawili, kila mmoja akidhani wake ni mdogo, unakutana ndani ya tangi moja. Gari la kiwanda linafika mchana, linapima na kukataa mzigo wote. Tukichukulia lita moja ni shilingi 1,000, keni ya 20,000 imebeba hasara ya milioni moja.

Kikao kitakachofuata kitamtafuta mkosaji. Kitampata kijana. Na kuanzia siku hiyo kila mpimaji atakayeajiriwa atajifunza jambo moja tu: kuficha vizuri zaidi.

Profesa Amy Edmondson wa Harvard, Marekani, alikutana na hali hii hospitalini miaka ya 1990 alipochunguza makosa ya dawa katika timu za wauguzi. Alitarajia timu zinazoongozwa vizuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoripotiwa. Alipotazama kwa karibu, maelezo yakawa kwamba katika timu hizo watu walithubutu kuyasema, na kwingine yalizikwa. Mwaka 1999 aliandika juu ya hali hiyo ya mtu kuamini kwamba akiuliza, akikiri au akipinga hatafedheheshwa. Kwa Kiswahili chepesi tuuite usalama wa kusema. Msimamizi anayejivunia kwamba kwake hakuna malalamiko angeanza na habari hii kabla ya kujipongeza.

Rika, shikamoo na ukimya

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe na Kyela, wana neno ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza kwa uhuru. Zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, wakakua pamoja na kuzeeka pamoja. Kati ya rika, mtu alisema. Mbele ya rika la juu, alipima maneno. Kazi za leo zimechanganya rika zote chini ya bati moja: mpimaji wa miaka 23, karani wa 40, mjumbe wa 68. Heshima imebaki, na ni vizuri ibaki, lakini ule uwanja wa kusemea umepotea. Asiyeujenga upya kwa makusudi asishangae wakimkalia kimya.

Dawa si kumwambia kijana awe jasiri. Ujasiri ni mali adimu, usiujengee mfumo. Mwondolee uzito. Kipimo kifanyike mbele ya mwenye maziwa, yeye mwenyewe aone glasi. Kanuni iandikwe ukutani kwa herufi kubwa: mabonge yakionekana, kipimo kinarudiwa mara moja, cha pili kinafanywa na msimamizi. Hapo kijana hamkatai mzee. Anasema tu, "Mzee, leo yameshika, ngoja nimwite mkubwa turudie," na heshima ya wote inabaki. Msimamizi naye akifika asiulize "Una uhakika?" kwa sauti ile tunayoijua. Arudie kipimo, atamke matokeo, aondoke. Hata laktometa ina la kwake: nyingi husomwa kwa maziwa yenye nyuzi 20, na kila nyuzi moja ya juu inataka uongeze 0.2 kwenye namba uliyosoma. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa, yenye nyuzi 30, yakisoma 25, hesabu sahihi ni 27, na kwa kuwa ya kawaida huwa kati ya 26 na 32, laktometa haina sababu ya kumshuku mfugaji huyo kwamba ametia maji. Kijana anayelijua hili anasimama imara. Asiyelijua anaogopa, na kutojua kunazaa ukimya mwingi kazini.

Idadi

Timu huharibika pia kwa kunenepa. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapa watu kazi ya kuvuta, mmoja mmoja kisha kwa makundi, na matokeo yakachapishwa 1913. Watu wawili walivuta kwa wastani wa asilimia 93 ya uwezo wa kila mmoja, watatu 85, na walipofika wanane kila mmoja alikuwa anatoa kama nusu tu. Sehemu ya upungufu ni kugongana na kutovuta kwa pamoja. Sehemu nyingine ni uvivu wa kawaida wa kibinadamu: mwaka 1974 watafiti walifumba watu macho, wakawaaminisha kwamba kuna wengine nyuma yao wanaovuta, na nguvu ikapungua ingawa alikuwa mmoja peke yake kwenye kamba.

Simama Isyonje wakati wa viazi utazame makuli wakipakia lumbesa kwenye fuso. Wanne wakiwa kwenye gunia moja, kila kona ina mwenyewe na ukilegea gunia linainama upande wako, dunia nzima inakuona. Waongeze wawili, gunia halina kona sita, na hao wawili wanashika tu kwa adabu.

Tena kuna hesabu ya mazungumzo. Timu ya watu 5 ina jozi 10 za watu wanaopaswa kuelewana, ya 7 ina 21, ya 12 ina 66. Kwa kazi inayohitaji watu kuelewana kila siku, tano hadi saba inatosha. Ukihitaji kumi na wawili, tengeneza timu mbili na umtaje kwa jina anayeziunganisha. Na kila kazi iwe na jina moja pembeni yake. "Karani na fundi wataangalia joto la tangi" maana yake hakuna atakayeangalia.

Kinachofanyika kila siku

Kikao cha asubuhi kiwe cha dakika 10, watu wamesimama, kabla lango halijafunguliwa. Maswali ni matatu: jana nini kilitukwamisha, leo nini kinaweza kutukwamisha, nani anahitaji mkono. Aanze mdogo kwa umri au cheo, msimamizi azungumze mwisho. Mpangilio huu ndio unaobeba kazi yote. Mkubwa akianza na maoni yake, waliobaki watasema "nakubaliana na mzee" na mtakuwa mmepoteza dakika tisa.

Habari mbaya ikija, sentensi ya kwanza ya kiongozi ndiyo itakayokumbukwa. "Umeiona saa ngapi?" inatafuta habari. "Ulikuwa wapi?" inatafuta mtu. Asante itangulie, hata kama tumbo limekaza, kisha hatua ya kuchukua, na uchunguzi ufuate tangi likishaokolewa. Karipio, kama lipo, ni la faragha na la siku hiyo hiyo. Kumfokea mtu kwenye grupu la WhatsApp saa tatu usiku, huku wake zao na waume zao wakisoma pembeni, kunafunga midomo ya watu wote waliomo.

Usalama wa kusema hauna maana ya kusamehe kila kitu, na hapa wengi wanajikwaa. Kuna kosa la bahati mbaya, kuna njia ya mkato na kuna wizi. La kwanza linatibiwa kwa kurekebisha utaratibu. La pili linaanza na swali la kwa nini njia ndefu inakimbiwa, maana pengine kijaribio ni kimoja na foleni ni ya watu 80, kisha onyo likirudiwa. Wizi ni wa hatua za nidhamu na vyombo vya sheria, hauingizwi kwenye kikao cha kusuluhishana. Ukivichanganya vitatu hivi, mwizi atajitetea kwa lugha ya kosa, na mkosaji wa kweli ataogopa kuitwa mwizi.

Jaribio la kumgundua mtu kama yule kijana wa jenereta wa mwanzoni ni rahisi: msimu ukiwa umechangamka, mpe kila mtu muhimu siku tatu za mapumziko, mmoja baada ya mwingine, simu imezimwa. Kitakachokwama ndicho kilichokuwa kichwani mwake peke yake. Kiandikwe, afundishwe mwingine. Wenye vibarua wa msimu, kama wakulima wa kahawa Mbozi, wana mzigo zaidi, kwa sababu timu yao huzaliwa upya kila mavuno. Ugomvi wa wiki ya pili kwao ni wa kawaida, watu wanapimana. Usiwafukuze kwa hilo, wape mgawo ulio wazi.

Mshahara ukichelewa miezi miwili, tafadhali usiitishe semina ya ushirikiano. Lipa kwanza.

Cha mwisho ni daftari. Kaunta buku moja, safu tano: tarehe, kilichotokea, nani au nini kilitufanya tugundue, saa zilizopita kati ya kuonekana na kujulikana, tulichobadilisha. Safu ya jina la mkosaji isiwepo. Kila Ijumaa msimamizi anatazama safu ya nne tu. Zikishuka kutoka saa 30 hadi 6 hadi 1, timu inapona, hata kama makosa yenyewe yameongezeka kwenye karatasi. Ukurasa ukibaki mweupe wiki mbili, msimamizi achukue kalamu aandike la kwake. Huenda ni yeye aliyesahau kuagiza alkoholi, na Jumamosi nzima maziwa yakapimwa kwa pua.